Kompyuta za ushirika Lindi nazo zipuliziwe salfa

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa programu endeshi ya Windows 10, iliyoingia sokoni mwaka 2015. Tangu siku hiyo kompyuta zinazoitumia hazipelekewi tena marekebisho ya usalama, isipokuwa zile zilizoandikishwa kwenye mpango maalumu wa nyongeza.

Kwetu sisi wa mwambao wa Lindi, tarehe hiyo iliangukia mwezi ambao minada ya korosho huanza. Mwezi kama huo, kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, hakuna meneja wa chama wala mwendesha ghala mwenye nafasi ya kufikiria afya ya kompyuta. Anafikiria magunia, uzito na malipo ya wakulima.

Hata hivyo, magunia, uzito na malipo hayo sasa yanapita ndani ya kompyuta. Mfumo wa stakabadhi ghalani unadai kumbukumbu za kila mkulima na kila kilo. Katika msimu wa 2024/25 minada ya korosho iliendeshwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na ufuta nao unauzwa kwa njia hiyo. Malipo ya mkulima yanaingia benki. Kompyuta ya mhasibu ikigoma, atakayechelewa kulipwa ni mzee wa Nangurukuru aliyekwisha kupeleka mzigo wake ghalani.

Tatizo letu ni nini? Katika ofisi nyingi kusasisha programu endeshi si kazi ya mtu yeyote. Kila kompyuta inajiamulia yenyewe, au karani ameizuia kabisa isipakue kitu ili bando lisiishe. Karani huyo tusimlaumu haraka, maana hesabu yake ina mantiki. Sasisho kubwa la Windows linaweza kufika GB 4 au 5. Ofisi yenye kompyuta 12, kila moja ikijipakulia yenyewe, itatumia hadi GB 60. Kwa ofisi inayotumia modemu ya simu, huo ni mzigo.

Lakini kuacha kabisa kunagharimu zaidi. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu moja la Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilo hilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, kikidai malipo ili kuyafungua. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo tangu Machi, ila ofisi nyingi hazikuwa zimeiweka.

Mkulima wa korosho anaelewa jambo hili kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta. Ubwiri unga hauheshimu mpaka wa shamba. Ukipulizia salfa mikorosho yako na jirani asipulizie, upepo utakuletea ugonjwa kutoka kwake. WannaCry ilisambaa hivyo hivyo, kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mmoja, bila mtu kubofya chochote. Kusasisha kompyuta ya meneja na kuiacha ya mpokea mzigo ni kupulizia nusu ya shamba.

Vilevile hakuna mkulima anayesubiri siku ya kuokota korosho ndipo apulizie dawa. Kompyuta nazo zinahitaji kalenda, na kalenda hiyo ifuate msimu wa mazao. Masasisho makubwa, pamoja na kuhama kutoka Windows 10, yafanyike Februari na Machi, wakati minada ya korosho imepungua na ya ufuta bado. Yale madogo ya usalama hutolewa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Ofisi ijipangie Jumamosi ya wiki inayofuata kuwa siku ya kuyaweka, ilimradi isiwe siku ya mnada.

Kwa nini kusubiri siku hizo chache? Kwa sababu hata dawa inaweza kuunguza mti. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro na kuangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege hazikuruka. Kasoro ile ilisambaa sana kwa sababu sasisho lilipelekwa kwa wateja wote kwa mpigo. Hivyo ofisi ichague kompyuta moja ya majaribio, isiyo ya mhasibu wala ya mizani. Iwekewe sasisho kwanza, kisha iangaliwe kama printa inachapa na programu ya hesabu inafunguka. Ikipita salama, nyingine zifuate.

Suala la bando nalo lina dawa. Windows za sasa zina mpangilio unaoruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ofisi kugawiana kilichopakuliwa. Moja inapakua, nyingine zinachota kwake, na zile GB 60 zinapungua sana. Vyama vidogo vinaweza kubebewa faili la usakinishaji kwenye flashi kutoka ofisi ya chama kikuu, mradi limepakuliwa kwa mtengenezaji mwenyewe na si kwa mtu wa mitaani.

Kabla ya yote, kumbukumbu zinakiliwe kwenye diski ya nje, na kompyuta iunganishwe na betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, kompyuta inaweza isiwake tena.

Tena tusitegemee fundi wa Dar es Salaam pekee. Mei 2024 mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga. Siku chache baadaye, Mei 12, hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikadhoofisha intaneti nchi nzima. Fundi asingefika, na msaada wa mbali kwa mtandao ungekuwa wa shida. Kila chama kikuu kifundishe watumishi wawili wa hapa hapa.

Zipo kompyuta ambazo haziwezi kupokea Windows 11, kwani yenyewe inataka kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni. Kwa hizo, Microsoft inauzia ofisi masasisho ya nyongeza kwa miaka mitatu: dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka. Jumla ni dola 427 kwa kompyuta moja. Kiuchumi, mwaka wa kwanza unaweza kulipiwa kama daraja la kuvukia, lakini mwenye kulipa miaka yote mitatu atakuwa ametumia fedha za kununulia kompyuta mpya ya kawaida. Ya zamani inayotumika kuandikia barua tu inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure.

Mwisho, liko suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Vyama vyetu vina majina, namba za simu na akaunti za benki za maelfu ya wakulima.

Bodi za vyama zinapokaa kupitisha bajeti hazikosi fungu la magunia, la usafiri na la posho. Mwaka huu wanachama waulize mkutanoni: fungu la kompyuta liko wapi, na nani amepewa kazi hiyo? Kinga ni bora kuliko tiba.