FEDHA ZIFUATE KAZI, SI MAKARATASI

Ndugu wananchi wa Mbeya na Iringa, mkulima wa viazi wa Rungwe shamba likimtupa, mwaka wa pili hapandi tena kama kipofu. Huikagua mbegu, huutazama udongo, hujiuliza kosa lilikuwa wapi. Basi kwa nini halmashauri ipewe fungu la mwaka huu bila kuulizwa fungu la mwaka jana lilizaa nini?

Fedha hizi si zawadi ya bwana mkubwa yeyote. Ni jasho la watu. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, twaambiwa hulipwa na mnunuzi. Maneno mazuri! Lakini mnunuzi naye huushusha kwenye bei, na mwenye mpunga Mbarali au kokoa Kyela ndiye anayeubeba. Aliyebeba ana haki ya kuuliza.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa ikatangaza Siasa ni Kilimo. Mwaka huo huo halmashauri za wilaya zilivunjwa, mambo yakashikwa na maofisa. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Katiba, ibara ya 146, yasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Haisemi zipo ili kupeleka posho kwa maofisa.

Wala kupima si jambo geni. Katika miaka ya 2000 ilikuwapo ruzuku ya maendeleo iliyogawiwa halmashauri kwa hesabu ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Kila mwaka wakaguzi walipita. Isiyotimiza masharti ilikosa ruzuku hiyo. Iliyofanya vizuri iliongezewa asilimia 20, na iliyolegea ilipunguziwa asilimia 20. Huo ulikuwa mwanzo mwema, kwa kuwa mvivu na mchapa kazi hawakulipwa sawa.

Lakini kilichopimwa zaidi kilikuwa makaratasi: vitabu vya hesabu, kumbukumbu za vikao, mpango uliowasilishwa kwa wakati. Hatuyadharau makaratasi; mwizi ndiye anayeyachukia. Hata hivyo, hati safi ya mkaguzi yaeleza tu kwamba hesabu zimeandikwa sawasawa. Haielezi mama wa kijijini alijifungulia wapi. Hati safi haimtibu mgonjwa.

Tazameni zahanati. Wanakijiji husomba mawe na mchanga, hufyatua matofali, hupandisha boma mpaka usawa wa linta, kisha hungoja halmashauri iezeke. Mvua ya kwanza hupita, ya pili hupita, ukuta waanza kumeguka. Hapo ndipo pa kupimia! Mwaka jana maboma mangapi yalikuwa yakingoja? Mangapi yameezekwa? Mangapi yamefunguliwa na yanatibu watu? Hesabu hiyo hata asiyejua kusoma anaiweza, maana boma analiona.

Wapo watakaodai kwamba kuipunguzia fedha halmashauri dhaifu ni kumwadhibu mgonjwa asiye na hatia. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni hili: fungu la zahanati na madarasa lisiguswe. Zikatwe safari, semina na posho. Aliyelala aumie yeye. Kila halmashauri pia ilinganishwe na ilivyokuwa mwaka jana, si kijiji cha mlimani Kilolo kishindanishwe na Jiji la Mbeya. Na ipimwe kwa mzigo wake tu. Barabara za wilaya zilikwenda TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini RUWASA mwaka 2019. Wao nao waulizwe kwa yao.

Sasa neno kwetu sisi wanachama. Bajeti hupitishwa na Baraza la Madiwani, na wengi wa madiwani hao twawajua; tuliwanadi wenyewe, tukawapigia ngoma. Diwani wetu akiinua mkono kupitisha bajeti ambayo hakuuliza ya mwaka jana ilifanya nini, tusimfiche ati kwa sababu ni wetu. Chama kinachoficha mvivu wake kinajichimbia kaburi.

Basi twendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Tudai mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Tumwulize diwani kuhusu boma letu kwa jina, na jibu lake liandikwe. Kabla bajeti mpya haijapitishwa, jibu hilo lisomwe barazani.

Asiye na kazi ya kuonyesha, asinyooshe mkono kuomba zaidi.

UHURU NI KAZI!