Bendera: Orodha ya wakimbizi inahitaji kufuli la kweli

Familia iliyokimbia vita ikifika Bendera, kaskazini mwa mji wa Kalemie, inaandikishwa kwanza: jina la mkubwa wa nyumba, hesabu ya watoto, kijiji walichotoka, namba ya simu. Bila orodha, msaada ni vigumu kugawanywa. Lakini orodha hiyo ikiibwa, inaonyesha nani alikimbia wapi na anaishi wapi leo. Kwa hiyo yeyote anayeiweka kwenye kompyuta ana wajibu wa kufunga diski yake.

Bendera ina historia ya jambo hili. Mwisho wa mwezi wa sita 1965, wapiganaji waasi pamoja na Wacuba wa Che Guevara walishambulia kambi ya jeshi kwenye kituo cha umeme cha mto Kyimbi. Walishindwa. Miongoni mwa vitu vya Wacuba waliouawa kulipatikana daftari la kumbukumbu, na siri ya kuwapo kwao Kongo ikafichuka. Daftari lililo wazi linasomwa na yeyote anayeliokota.

Wengi wanadhani neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta linatosha. Halitoshi. Mwizi anaweza kutoa diski, kuiunganisha na mashine nyingine, na kusoma yote. Mfumo wa Linux, unaopatikana bure, una kufuli liitwalo LUKS, lililoanza 2004. Maandishi ya diski yanageuzwa yasisomeke. Mashine ikiwashwa, sehemu ndogo iliyoachwa wazi inaamka na kuuliza neno la siri. Likiwa sawa, mfumo wote unafunguka. Likikosekana, mwizi amebeba chuma tu.

Wako wanaosema kufuli hili ni mzigo, na hawakosei kabisa. Umeme ukikatika na kurudi usiku, kompyuta haitawaka hadi mwisho peke yake. Itangoja mtu aandike neno. Wote wakilisahau, hakuna fundi wa kulitafuta, awe wa Kalemie au wa Kinshasa. Lakini LUKS inakubali maneno kadhaa kwa diski moja. Msimamizi awe na lake, karani awe na lake. Karani akiacha kazi, lake linafutwa na la msimamizi linabaki. Nakala ya orodha, nayo ikiwa imefungwa, iwekwe mahali pengine.

Kufuli hili lina mipaka. Linalinda mashine iliyozimwa kabisa, si iliyofunikwa tu ikiwa imelala. Wala halimzuii anayeingia kwa intaneti. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandao walifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Hata hivyo, mlango wa pili kuwa mbovu si sababu ya kuacha wa kwanza wazi.

Njia rahisi ni kuchagua kufuli hili siku mfumo unapowekwa. Kwa mashine ya zamani, habari zote zinakiliwe kwanza. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu mwezi wa tatu 2023, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Basi mama anayetajiwa karani jina lake ana haki ya kuuliza: diski hii imefungwa? Nani ana neno lake? Mashine inazimwa usiku? Shirika lililojipanga vizuri litamjibu bila kukasirika.