Ngoma ya Nyuso Mbili

Wazee wa pwani walisema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Maana yake ni dhahiri. Fundi awambaye ngozi juu ya mzinga huivuta upande aliokaa yeye, na binadamu naye katika mambo yake hupendelea nafsi yake. Juma hili nataka kuwaelezeni habari za ngoma ambayo methali hiyo haiiwezi, nayo niliiona hapa hapa Voi.

Jirani yangu mmoja, mtu wa asili ya Punjab, alikuwa akimwoza binti yake, akatualika sisi majirani. Jioni moja kabla ya harusi wanawake walikaa chini uani wakiimba. Katikati yao alikuwapo bibi mmoja mzee, ameibana kwa goti ngoma mfano wa pipa dogo lililolala. Mkono wake wa kulia ulipiga uso mdogo, na wa kushoto uso mkubwa. Mwenzake aliketi mbele yake akigonga mti wa ngoma ile kwa kijiko, tik, tik, bila kukosea hata mara moja. Ngoma hiyo yaitwa dholaki, na huko kaskazini ya Bara Hindi kuimba namna ile nyakati za harusi ni kazi ya wanawake.

Bibi yule aliponiona nimekodoa macho alinipa niishike. Mzinga wake ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa na kutobolewa pande zote mbili, nao umetuna katikati. Nyuso zake ni za ngozi ya mbuzi. Uso mdogo hutoa sauti nyembamba. Uso mkubwa hutoa sauti nene, kwa kuwa upande wake wa ndani hupakwa dawa ya lami, udongo na mchanga, ili ngozi iwe nzito. Kamba ya pamba hupita huku na huku kutoka uso hadi uso, na juu ya kamba hiyo mna pete za chuma. Ukizisukuma pete, kamba hukaza na sauti hupanda. Walakini kamba ni ile ile inayoshika nyuso zote mbili: ukiukaza upande huu, na ule wa pili husikia. Ndiyo maana nasema methali yetu haiiwezi. Mwenye kuwamba dholaki hawezi kuvutia kwake tu, asije akaiharibu ngoma yote.

Bibi alinieleza pia jinsi mtoto anavyofundishwa. Hapewi ngoma kwanza, bali hufundishwa kuitamka kwa mdomo: kila pigo lina jina lake, kama dha, na, ge, ti. Mtoto huyasema majina hayo kwa utaratibu mpaka ulimi uzoee, ndipo mikono ifuate. Nyimbo nyingi huenda kwa mwendo uitwao kaharwa, wenye mapigo 8, au dadra, wenye mapigo 6. Wasomaji mliozoea taarabu ya Mombasa masikio yenu yamekwisha kuonja miendo hiyo, maana waimbaji kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, waliimba mashairi ya Kiswahili katika sauti za nyimbo za sinema za Kihindi, na tabla ikawafuata. Lakini msichanganye: tabla ni ngoma mbili, kila moja ina uso wake, dholaki ni moja yenye nyuso mbili.

Nilipomrudishia ngoma yake, bibi aliniuliza swali dogo: "Na nyinyi kwenu Taita, mwanangu, ngoma yenu hupigwaje?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu. Mimi ni mtu wa kalamu, naweza kuandika barua ya serikali bila kufuta hata neno moja, lakini mbele ya bibi yule nilikuwa kama mtoto aliyesahau jina la baba yake. Nilisema tu, "Mama, iko ngoma iitwayo Mwazindika," nikanyamaza.

Niliporudi nyumbani usingizi haukuja upesi. Nilifikiri jinsi watu wale walivyofika kwetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kabla ya Machi 1898 ilikuwa imekwisha kupita Voi na kufika Tsavo. Mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Vibarua wapata 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo, na wapatao 6,700 walibaki nchini. Wengine walikuja kwa biashara, kwa hiyo si kila Mhindi ni mjukuu wa kibarua. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa kabila la 44 la nchi. Zaidi ya miaka mia na ishirini mbali na kwao, na bado bibi anajua jina la kila pigo! Mimi niliyezaliwa chini ya milima yangu mwenyewe sikulijua hata moja.

Sababu yake si siri. Wamisheni walifika Sagalla mwaka 1883, wakatuletea kitabu na dawa, nasi twawashukuru. Lakini Mwazindika ilihusiana na mambo ya pepo, basi mkristo mwema aliambiwa akae mbali nayo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, ngoma na kayamba ziliingia hata makanisani, na shuleni kwetu tulizipiga katika misa. Hata hivyo ngoma ya babu ilikaa darini juu ya meko, wala hakuna aliyetukataza kuiuliza. Hatukuuliza tu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Wundanyi. Babu yangu alifariki zamani. Amebaki ndugu yake mdogo, naye macho yake yamefifia. Tuliishusha ngoma ile. Panya walikuwa wameila ngozi, ila mzinga ulikuwa mzima. Mzee hakunilaumu. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umekuja panya wakiwa wamekutangulia."

Tulitafuta ngozi mpya, tukailoweka, kwani ngozi ivute i maji. Mzee akaiwamba kwa kupapasa, akiivuta upande wake, nami nikacheka moyoni kwa kuikumbuka methali. Akanieleza kwamba kule juu, ukungu unaposhuka, ngozi hulegea na sauti hufa. Kwa hiyo ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa, na tena katikati ya ngoma wachezaji wakipumzika. Moto ndio pete zetu za chuma. Kisha, kabla sijagusa ngozi, aliniamuru nilifuate pigo kwa mdomo. Nilistaajabu sana. Bibi wa Punjab na mzee wa Wundanyi hawajaonana kamwe, na mwanafunzi wao huanzia mahali pamoja.

Sasa hupanda kwake kila nipatapo nafasi. Nimekwisha kujua mapigo matatu. Wasomaji watacheka, lakini matatu si haba kwa mtu aliyekuwa hana hata moja, na mzee hana mwanafunzi mwingine.

Simwambii mtu arudi kwenye pepo. Kila mtu ana dini yake, nami nina yangu. Neno langu ni hili: ujuzi wa mikono haukai katika dari wala katika makumbusho, hukaa katika mtu, na mtu hupita. Mkulima huweka mbegu kwa ajili ya msimu ujao hata akiwa na njaa. Kama katika mji wako yupo mzee ajuaye kuwamba, kusuka au kufua chuma, mwendee mwezi huu, usingoje sikukuu.

Tena tusiogope ngoma ya jirani. Kama si dholaki ya yule bibi, ngoma ya babu ingalikuwa bado chakula cha panya. Juma lililopita nilipita uani kwake nikampigia mapigo yangu matatu juu ya sanduku la mbao. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akavuta dholaki yake gotini, akayajibu.