Tusiogope Vioja vya Wachoraji

Mtu akitoka hapa Babati akashika barabara ya Kondoa, hufika Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanyama wa humo wamechorwa barabara, twiga ni twiga. Lakini watu wamerefushwa kupita kiasi, wembamba kama fito, na vichwa vyao ni vya ajabu. Mkono uliomweza twiga haukushindwa na mtu. Kioja kile kilikusudiwa.

Kukusudia kioja hakukukoma Kolo. Marehemu George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alijaza turubai zake mashetani yenye masikio makubwa na macho ya kutoka nje, yakifanya kazi, yakicheza ngoma na kugombana kama sisi. Anayeyacheka hujikuta anajicheka mwenyewe.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kila mwaka Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, wanaume wazima hupigana kwa migomba, wanawake hutupiana maneno makali kwa nyimbo, na kibanda huchomwa moto huku mtu akitoka humo mbio. Mgeni ataona upuuzi. Mwenyeji anajua kwamba kinyongo cha mwaka mzima kinatolewa hadharani ili mwaka mpya uanze na nyoyo safi. Viongozi wa Serikali hualikwa, nao huhudhuria.

Hata Chama kilijua thamani ya kioja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, gazeti la Uhuru, lililokuwa la TANU, lilimpa nafasi Chakubanga, katuni ya Christian Gregory. Wananchi walimcheka, na katika kumcheka wakaona kasoro za jamii yao.

Ndiyo maana tunalitazama kwa masikitiko jambo la Oktoba 2024. Gazeti la The Citizen lilitoa katika mitandao katuni ya mwanamke akibadilisha idhaa za televisheni, na kila idhaa ilionyesha watu wakilalamikia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Wengi walimfananisha mwanamke huyo na Rais. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, ingawa gazeti lilikuwa limekwisha kuiondoa katuni hiyo.

Hatusemi kwamba kila mchoro ni halali. Mchoro unaochochea chuki ya kabila au ya dini hauna budi kuzuiwa. Lakini katuni si hati ya mashtaka. Kazi yake ni kukuza na kupotosha umbo ili jambo lionekane. Anayeisoma kama taarifa ya polisi ameikosea tangu mwanzo.

Tungependa basi kuwashauri maofisa wanaohusika wajiulize, kabla ya kutia saini amri, kama mchoro umemzulia mtu uongo au umekuza tu jambo ambalo wananchi tayari wanalizungumza majumbani. Ikiwa ni hilo la pili, mchoro ukifutwa mazungumzo hayafutiki. Wazazi waliopotelewa na watoto wao wataendelea kuuliza, na jibu wanalolitaka haliko katika leseni ya gazeti. Ni wajibu wa Serikali kuwapa jibu hilo, na kumwacha mchoraji na kalamu yake.