Kilelengwani Haidai Semina

Maoni yaliyozoeleka kuhusu vijiji vya Tana Delta nchini Kenya ni haya: familia hazifiki ofisi ya watoto, hazifuatilii pesa za mayatima na hazipeleki kesi mahakamani kwa sababu hazijui haki zao. Wameshikwa na mila, tunaambiwa, kwa hiyo wahamasishwe. Huandaliwa semina, watu wakanywa soda, wakatia sahihi ya mahudhurio na kurudi makwao. Mwakani tena.

Jibu hilo naliona la uvivu, na kijiji cha Kilelengwani kinatosha kulipinga.

Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2012 wavamizi waliingia kijijini humo. Watu 38 waliuawa, wakiwamo watoto 8 na polisi 9, na nyumba nyingi zikachomwa. Mauaji ya kijiji cha Riketa yalikuwa yametokea Agosti. Desemba ikafika zamu ya kijiji cha Kipao. Jamii mbili za delta zilipigana: Waorma waliuawa, Wapokomo waliuawa. Rais Kibaki aliweka kafyu, na ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Lakini kafyu hailei mtoto, wala tume haimpikii. Katika delta hii, kwa Waorma na kwa Wapokomo, mtoto aliyefiwa huchukuliwa na ami, shangazi au nyanya yake, na haandikiwi barua kwanza.

Sasa tazama serikali yenyewe inataka nini. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Ukaja mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watolewe kwenye makao na kurudishwa kwenye familia, malezi ya jamaa yakipewa nafasi ya mbele. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inaitambua kafala, yaani Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto asiye na mlezi. Kwa ufupi, Nairobi imezunguka miaka mingi hadi ikafika pale nyanya wa Kilelengwani alipokuwa ameketi siku zote. Huyo ndiye wa kufundishwa thamani ya familia?

Kinachomshinda ni karatasi. Pesa za mayatima, zile shilingi 2,000 kwa mwezi, hulipwa kwa kaya, na kiwango ni kilekile awe analea mjukuu mmoja au watano. Ili aingie kwenye orodha, awe na kitambulisho. Ili mjukuu asajiliwe kwa mtihani, awe na cheti cha kuzaliwa. Akitaka kutambulika kisheria kuwa mlezi, ataulizwa vyeti vya kifo vya wazazi. Mwislamu huzikwa siku hiyohiyo, mara nyingi kabla ya jua kutua. Msiba ukiisha, nani atafunga safari kwenda kukifuata cheti cha marehemu? Na mtoto asiyeandikishwa ndani ya miezi 6 ya kuzaliwa huhesabiwa kuwa amechelewa, ushahidi unaotakiwa ukaongezeka. Nyumba ya makuti ikichomwa, sanduku la vyeti huungua nayo. Hapo hakuna suala la ujinga. Nyanya anajua vizuri kabisa anachodaiwa. Ndiyo maana hakupoteza nauli.

Nauli yenyewe si jambo dogo. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika wakati wa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, vijiji vya delta hubaki visiwa, na safari ya bodaboda hugeuka safari ya mashua. Akifika mjini, atakuta serikali mbili. Afisa wa watoto, chifu na pesa za mayatima ni za serikali kuu. Shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunzia watoto ni vya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kijana wake anayetaka kujifunza useremala ataelekezwa mlango huu, mdogo wake yatima mlango ule.

Upande wa pili una hoja moja yenye uzito, na siwezi kuikwepa: maslaha. Binti akinajisiwa, wazee huketi, mifugo ikatozwa, jambo likafungwa. Hapo ukoo ndio unaomficha mhalifu, na kuusifu ukoo kwa kulea mayatima hakufuti hilo. Mifugo humfikia baba. Binti hapati kitu, hata kuulizwa. Sheria ya Makosa ya Kingono imekuwapo tangu 2006 na haikuwapa wazee mamlaka hayo.

Ila uliza kwa nini maslaha hushinda. Mama anayekataa kikao cha wazee atakwenda polisi, achukue fomu ya P3 ya ushahidi wa daktari, aipeleke hospitali ijazwe, kisha awe tayari kurudi kortini kila kesi inapoahirishwa, akiwa na binti na mashahidi, huku jamaa za mshtakiwa wakiteka maji kisima kimoja naye. Wazee huketi chini ya mti siku hiyohiyo. Mimi nawalaumu wazee. Hata hivyo, mhadhara wa kumi kuhusu haki za mtoto hautaileta korti karibu, na wala hautamlinda mama huyo kisimani.

Kwa hiyo pesa za semina zielekezwe kwingine. Naibu wa chifu tayari ni wakala wa usajili: kuzaliwa na kufa kunakotokea nyumbani hupitia kwake, na kibali cha mazishi hutoka kwake. Yeye na wazee wa kijiji wanajua nani alifiwa, lini, na analala kwa nani. Wakati wa kiangazi, msajili wa vyeti, afisa wa watoto na kadhi waje kwenye baraza lake kwa siku chache, wakubali ushahidi wa wanakijiji waliozika, watoe vyeti vya kifo vya miaka iliyopita, wamwandikie kila mlezi hati yake. Afisa wa kaunti aketi meza ya pili na fomu za chuo cha ufundi. Nauli walipe wao.