Kiungulia cha usiku: tusilale na chakula kifuani



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mama mmoja alitusimamisha nje ya msikiti akatueleza habari za mumewe. Mzee huyo amevuka miaka 60, na huu ni mwezi wa tatu hajalala usiku mzima kitandani. Ifikapo saa 7 au saa 8 hushtuka usingizini akiwa kama amekabwa koo. Kifua humwaka moto, mdomo hujaa maji machungu, na kikohozi hakimpi nafasi ya kuvuta pumzi. Baada ya hapo huketi kwenye kiti hadi adhana ya Alfajiri. Majirani walisema ni jinamizi. Kisomo kimesomwa, makombe yamenywewa, na hali ikabaki vilevile.

Hatimaye mzee alikwenda zahanati, akaambiwa kuwa asidi ya tumbo inapanda kooni. Akapewa vidonge na akashauriwa alalie ubavu wa kushoto. Vidonge anameza, lakini ubavu wa kushoto ameukataa. Amemwambia mkewe kuwa amelalia ubavu wa kulia tangu alipokuwa mtoto wa chuoni, na hawezi kuiacha Sunna uzeeni.

Mama alituuliza mambo mawili: maradhi haya ni nini hasa, na je, mumewe anakosea? Tumeona tuyajibu hapa, kwani tunajua kwamba nyumba zenye kikohozi cha saa 8 za usiku ni nyingi kuliko zinazosema.

Kinachotokea mtu akilala

Chakula hushuka kutoka kooni hadi tumboni kwa kupitia umio. Mwishoni mwa umio pana msuli wa duara unaofanya kazi ya mlango: hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Tumbo lina asidi kali ya kusagia chakula, na Mwenyezi Mungu amelijaalia utando mzito wa kuzilinda kuta zake. Umio haukupewa kinga ya namna hiyo. Msuli ule ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi hupanda na kuunguza mahali pasipo na kinga. Huo ndio mwako tunaouita kiungulia. Wengi husema nyongo imepanda, ingawa mara nyingi kilichopanda ni asidi ya tumbo.

Mchana mwili una njia za kujitetea. Tukiwa tumesimama au tumeketi, asidi hushuka kwa uzito wake. Tunameza mate kila mara, na mate yana chumvichumvi inayopunguza ukali wa asidi. Usingizi unapotuchukua, mwili umelala sambamba, mate yanapungua, na kumeza karibu kunakoma. Asidi iliyopanda hukaa pale pale kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda mchana kutwa akiwa mzima, kisha usiku ukawa mateso.

Na si kila mwenye maradhi haya huhisi mwako. Wapo wanaoamka na sauti ya kukwaruza, wenye kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua, na wenye pumu inayozidi usiku. Ama ule mkabo unaomshtua mzee wetu, asidi inapofika kooni, zoloto hujibana ghafla ili kuzuia isiingie katika mapafu. Kwa sekunde kadhaa pumzi hugoma, na mtu huamka akiwa na hofu kubwa. Kusoma Qur'ani na nyiradi za kulala ni kheri kwa kila Muislamu, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia tujitibu, na mkabo wa aina hii una tiba inayojulikana.

Saa tatu baina ya sahani na kitanda

Tuanze na jambo ambalo kila nyumba inaliweza bila kununua chochote, nalo ni wakati wa chakula cha usiku. Katika familia nyingi baba husubiriwa atoke dukani au kazini. Chakula huandaliwa saa 3 au saa 4 usiku, na ndicho kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo: wali wa nazi au ugali, mchuzi wa nyama, pengine na pilipili, kisha chai ya maziwa. Nusu saa baadaye taa imezimwa. Tumbo lililojaa linahitaji saa kadhaa kulipitisha jambo hilo, na mafuta hulichelewesha zaidi. Kwa hiyo mtu hulala wakati asidi ni nyingi na tumbo limetuna, likiusukuma ule mlango wa juu.

Madaktari hushauri zipite saa 2 hadi 3 baina ya chakula cha mwisho na kulala. Kwa Muislamu ratiba hiyo haina ugumu, kwa kuwa swala zimekwisha kuipanga siku yake. Katika mwambao wetu Maghribi huingia kabla ya saa 1 usiku. Familia ikila mara baada ya Maghribi, baba na vijana watatembea kwenda kuswali Isha, na mwenye kulala saa 4 atakuwa ametimiza saa 3 akiwa wima. Mtume (s.a.w.) alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha, na katika Hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi alielekeza kuwa, ikiwa hapana budi kulijaza tumbo, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mwenye kiungulia hahitaji mwongozo wa chakula uliopita huo.

Vipi baba anayerudi saa 4 usiku? Chakula chake kikubwa kihamie mchana, na usiku ale kidogo, kama uji, mkate mkavu au ndizi iliyoiva, kisha akae na wanawe kabla ya kwenda chumbani. Mama asione kuwa amemnyima mumewe haki yake kwa kumpa sahani ndogo.

Kuhusu aina za vyakula, watu hutofautiana. Wengi hudhurika na vyakula vya kukaanga, pilipili, nyanya nyingi, ndimu, kahawa, nanaa, chokoleti na soda. Hatumwambii mtu aache vyote kwa pamoja. Aandike kwa wiki 2 alichokula usiku na namna alivyolala, na daftari litamwonesha adui yake. Sigara na tumbaku havina mjadala, kwani hulegeza ule msuli na kupunguza mate. Mwenye unene akipunguza uzito, hata kwa kilo chache, mara nyingi huona nafuu.

Katika mwezi wa Ramadhani

Mwezi mtukufu huwaletea nafuu baadhi ya wenye kiungulia, na wengine huwazidishia. Tofauti hutokana na nyakati mbili. Ya kwanza ni futari. Mtu afungue kwa tende na maji, aswali Maghribi, ndipo ale kwa kiasi. Sambusa, bajia na kachori zikitangulia juu ya tumbo tupu, kisha zikafuatwa na mihogo ya nazi, usiku hautakuwa na raha. Ya pili ni daku. Wengi hula kwa wingi dakika za mwisho, wakaswali Alfajiri na kurudi kitandani. Hapo wamelala juu ya chakula kibichi. Daku iwe ya wastani, na anayeweza abaki na msahafu wake mpaka jua lichomoze. Mwenye haja ya usingizi baada ya hapo aketi ameegemea.

Asidi au chakula kinachopanda chenyewe bila kukusudia hakibatilishi swaumu. Kikifika mdomoni, kitemwe wala kisimezwe kwa makusudi.

Ubavu wa kulia au wa kushoto?

Sasa tulirejee swali la mzee wetu. Kulalia ubavu wa kulia ni Sunna iliyothibiti. Imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kutoka kwa al-Baraa bin Aazib (r.a.). Hatumlaumu mtu aliyeishikilia maisha yake yote. Tunamheshimu.

Lakini ushauri wa tabibu nao una sababu. Tumbo limekaa zaidi upande wa kushoto wa mwili. Mtu akilalia ubavu wa kushoto, mlango wa umio huwa juu na asidi hutuama chini yake. Akilalia ubavu wa kulia, tumbo huwa juu ya mlango, na asidi huteremkia huko. Wataalamu waliopima asidi ndani ya umio wa watu waliolala wameona kuwa, kwa mwenye kulalia kushoto, iliyopanda huondoka upesi zaidi.

Je, mambo haya mawili yanagongana? Sisi si mamufti, na tunamwomba mzee amuulize sheikh wake. Tunachokijua ni kwamba wanazuoni wameihesabu namna hii ya kulala kuwa jambo linalopendeza, na hawakuifanya wajibu ambao mwenye kuuacha kwa udhuru wa maradhi hupata dhambi. Anaweza kuanza kwa ubavu wa kulia, akasoma dua zake, kisha akageukia kushoto kabla usingizi haujamchukua. Zaidi ya hayo, Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkaazi. Kwa miaka yote hiyo mzee amelala kwa ubavu wa kulia akitafuta radhi za Mola wake. Tunataraji kwamba akigeuka leo kwa sababu ya maradhi, thawabu za ubavu wa kulia zitaendelea kuandikwa. Naye akipata usingizi, ataamka na nguvu za kuswali Alfajiri msikitini, jambo ambalo mkewe anasema amelikosa kwa wiki nyingi.

Kitanda nacho kina dawa. Miguu ya kichwani iinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20 kwa matofali au vipande vya mbao vilivyo imara, ili mwili mzima uteremke kutoka kichwani hadi miguuni. Anayelala godoro la chini akunje mablanketi ayaweke chini ya godoro kuanzia mgongoni. Kulundika mito chini ya kichwa pekee hakusaidii, kwani huupinda mwili kiunoni na kulibana tumbo.

Vidonge na mazoea

Dawa za kutafuna za magnesiamu hupunguza ukali wa asidi mara moja, ila nguvu yake huisha baada ya muda mfupi. Omeprazoli hufanya kazi kwa namna nyingine: hupunguza utengenezaji wa asidi, na humezwa takriban nusu saa kabla ya chakula. Anayeimeza wakati kifua kimekwisha kuwaka, kisha akasema haifai, ameitumia siyo. Katika Ramadhani muulize daktari kama waweza kuimeza kwa maji na tende adhana inapoadhiniwa, kisha ukala baada ya swala. Kuimeza miezi na miezi bila kupimwa si sahihi. Magadi na soda ya kupikia yana chumvi nyingi ya sodiamu na huweza kumdhuru mwenye shinikizo la damu. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha tumbo hutoa asidi zaidi.

Angalia pia dawa nyingine zilizomo nyumbani. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huudhi tumbo na umio. Kapsuli za doksisaiklini zikimezwa kwa maji kidogo wakati wa kulala huweza kukwama na kuunguza umio. Zimezwe kwa bilauri nzima ya maji, na mtu akae wima kwa nusu saa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hulegeza ule msuli. Usiziache kwa uamuzi wako, mweleze daktari.

Dalili zisizosubiri

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, yapelekwe hospitali saa ile ile, kwani huenda ni moyo. Usimpe mgonjwa magnesiamu ukasubiri kupambazuke. Vilevile aende hospitali bila kuchelewa mwenye kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, mwenye choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, na anayehisi chakula kinakwama akimeza. Hili la kukwama tunalisisitiza, kwa kuwa Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio, na wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti.

Kwa mama aliyetuuliza: mumeo hakukosea kuipenda Sunna, na tabibu hakukosea kumshauri. Andaa chakula baada ya Maghribi, inua kitanda upande wa kichwani, na msomee mzee makala hii kwa upole. Ikiwa baada ya wiki 2 bado anakaa kitini usiku, arudi kwa daktari apimwe zaidi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na usingizi wenye raha. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.