Nyumba Tumeihifadhi, Mgeni Je?

Nimepita mlangoni pake miaka mingi, lakini juzi ndipo nilipoingia Nyumba ya Kiswahili, hapa Mkomani, Lamu. Ile ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya ikafanywa makumbusho. Nililipa kiingilio bila kunung'unika, kwani chokaa na boriti hazinunuliwi kwa dua. Kazi iliyofanywa humo yastahili sifa. Misana ni ile ile mirefu na myembamba, kwa kuwa upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na zidaka za ndani zimejipanga safu juu ya safu.

Lakini kilichonishughulisha ni daka. Msomaji wa bara huenda akalidhani kibaraza cha kukingia mvua tu. La hasha! Zama za jahazi mji huu haukuwa na hoteli. Vyombo vikija na kaskazi kutoka Arabuni, nahodha na mfanyabiashara hawakuwa na budi kungoja kusi iwarudishe, na kungoja huko ni miezi. Walilala wapi? Mwenyeji aliwapokea kwanza hapo dakani, kwenye viti vya mawe, akawapa kahawa, akauliza habari za bahari na za bei. Aliyemridhia alimpandisha sabule, chumba cha wageni chenye ngazi yake, ili mtu atoke na kuingia asiwaudhi wa ndani. Biashara ilikuwamo, sikatai. Waamu hawakuwa malaika. Ila mgeni hakuhesabiwa usiku aliolala.

Tangu 2001 mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Majumba mengi ya Mkomani yamenunuliwa na watu wa mbali, mengine yamegeuzwa malazi ya watalii. Kuta zapakwa chokaa vizuri, lakini jioni ile nilipotoka, madaka niliyoyapita yalikuwa matupu. Wako wasemao kwamba mawe yakisalimika, utamaduni nao umesalimika. Mimi sikubali.

Rai yangu ni hii: daka la nyumba ile liachwe huru kila baada ya alasiri. Dele la kahawa liwepo, wazee wa mtaa waketi, na mpita njia naye aketi asiulizwe tikiti. Tikiti ianzie kizingitini. Na sisi wenye nyumba tusingoje serikali. Langu mimi, nakiri, limejaa mifuko ya saruji tangu mwaka jana.